Mama hapendi magitaa kabisa, lakini albamu mpya ya Altın Gün kaniambia rudia. Wajuzi, hapa kuna nini?

#1 Kiberenge77
Wakuu salama? Naenda moja kwa moja.

Ijumaa ile ya tarehe 31 Machi 2023 Altın Gün wametoa albamu mpya, inaitwa Aşk. Kwa asiyewajua, hawa ni bendi ya Amsterdam, Waholanzi na Waturuki wamechanganyika humo. Wanachukua nyimbo za zamani za vijijini Uturuki, zile za wazee na zeze lao refu wanaliita saz, halafu wanazitia besi, gitaa lenye mwangwi na vinanda vya miaka ya 70 mpaka unahisi ukuta wa chumba unapumua. Wanauita muziki wa kienyeji wa saikedeliki. Mimi YouTube ndiyo iliniletea kitambo, nilikuwa nasikiliza taarab nikalala, nikaamka nikakuta Waturuki wanaimba.

Sasa kisa chenyewe. Jumapili baada ya futari niko sebuleni na kispika changu, mama anatoa vyombo. Mama ni wa Tanga, amekulia na Black Star na Lucky Star, vile vikundi vya taarab vya kwao, mimi nikiweka kitu chochote chenye gitaa la umeme huwa ananiuliza nani kafa. Siku hiyo akasimama mlangoni na sinia mkononi. Kimya. Wimbo ulipoisha akauliza "huyu wa wapi, mbona sikumsikia maneno?" Nikamwambia Mturuki. Akasema rudia. Nikarudia mara nne aisee, na mara ya nne alikuwa anaguna nao, anajua sauti inaelekea wapi kabla haijafika!!

Swali langu: hatujui hata neno moja, hatujawahi kufika huko, albamu ina siku chache tu sokoni. Kwa nini inatushika hivi? Na kwa nini yeye inamshika kuliko mimi niliyeitafuta?

#2 Jirani Mbea
Nimeweka mkeka hapa. Ila mkuu mwezi mtukufu huu na wewe unafungulia kispika sebuleni, haya.

#3 Kiberenge77
Baada ya futari nimesema. Baada ya futari.

#4 Bi_Mkora
Hili wala si la kuulizwa mwanangu. Mama yako kasikia nyumbani.

Taarab yetu ilikotoka si Misri? Kila mtu Unguja anakijua kisa cha Sayyid Barghash aliyetawala 1870 mpaka 1888, kaleta wapigaji kutoka Misri kaonja utamu kisha kampeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, na wale waliokuja kuasisi kikundi cha taarab cha Akhwan Safaa mwaka 1905 wakafuata njia hiyo hiyo. Na Misri wakati huo nayo ilikuwa chini ya Waturuki kwa jina, wapigaji na vyombo vinakwenda na kurudi baina ya Cairo na Istanbul. Kwa hiyo masikio ya mtu wa pwani yamefundwa kwa makamu, yaani njia za sauti kama rasti, bayati, hijazi, hata kama hajui majina yake. Mie nimepiga kanuni miaka tisa, nlipoisikia hiyo Aşk wimbo wa kwanza tu vidole vikaanza kutafuta nyuzi.

Huko kuguna kabla sauti haijafika ndiyo dalili yenyewe. Makamu ina njia zake, ukishapanda mpaka pale unajua utateremkia wapi. Mama hakubahatisha, kaifuata njia aijuayo.

#5 fundi redio
Heshima kwako Bi Mkora lakini mimi naona tunakimbilia historia mapema mno. Mwarabu, Mgiriki, Muajemi wote wana nyimbo za hizo njia na mama hajawahi kusema rudia. Nyimbo za Kituruki za kisasa zimejaa mtandaoni, makamu ni zile zile, Kiberenge amuwekee mama tuone kama hatauliza nani kafa.

Mimi nasema ni namna ilivyorekodiwa. Fuatilieni albamu zao mbili zilizotangulia, Yol na Âlem, zote za 2021. Yol wameitengeneza kipindi cha korona kila mtu kwake, wanatumiana mafaili, ndio maana imejaa sinthesaiza na dramu za mashine. Hii Aşk wamerudi chumba kimoja, wanapiga wote kwa pamoja, wanarekodi kwenye tepu na vifaa vya zamani. Sikiliza dramu zilivyo kavu na zilivyo karibu, sikiliza besi ilivyo nene ila haipigi kelele. Hiyo ndiyo sauti ya santuri na redio ya mbao, hiyo ndiyo sauti aliyokua nayo mama wa Tanga. Mtu wa umri ule hasikii nyimbo tu, anasikia na chombo kilichobeba wimbo. Mimi nimetengeneza redio tangu niko darasa la sita na nakuambia wazee wengi wanaoleta redio mbovu hawataki mpya hata ukiwapa kwa bei ya kutupa, wanasema mpya "inachoma".

#6 Mvita Kwetu
Mleta uzi, kuna jambo moja halijakaa sawa hapo juu. Mama wa Tanga, shabiki wa Black Star, hapendi gitaa? Black Star ndio waliotia gitaa la umeme na besi kwenye taarab! Miaka ya 60 huko, wakati Unguja wanakaa na fidla na kanuni, Tanga walishachomeka waya ukutani. Sisi Mombasa tuliiga kwao. Kwa hiyo ama mama si shabiki wa Black Star ama hilo gitaa analolichukia ni lako wewe.

Na Bi Mkora, Waturuki hawakupitia Cairo peke yake. Mir Ali Beg, nahodha wao wa vita, alifika pwani hii na merikebu zake miaka ya 1580, mara ya pili akashikwa na Wareno hapa hapa Mombasa 1589. Sisemi alikuja na zeze lakini msisahau.

#7 Jirani Mbea
Hahaha "hilo gitaa analolichukia ni lako". Kiberenge jibu hoja.

#8 Bi_Mkora
Mvita, Mir Ali Beg alikuja na mizinga, hakuja na bashrafu ya kufungulia taarab. Tuwe na staha.

#9 Kiberenge77
Mvita Kwetu umenibana, nimelazimika kwenda kumuuliza mwenyewe. Nanukuu alivyosema: "Gitaa la Black Star lilikuwa linajibu. Mtu akimaliza kusema, gitaa linamjibu, akisema tena linamjibu. Haya ya kwenu yanapayuka peke yake kama mlevi njiani." Nikamuuliza na hili la Waturuki? "Hili lina adabu."

Basi hiyo ndiyo kauli yake, mimi sina la kuongeza.

#10 nyuzi_tatu
Mama kamaliza kila kitu hapo, mpeni maua yake. Mimi napiga gitaa bendi ya hoteli na huwa najifunza saz kwa video, wacha niwaonyeshe anachosema mama ni kitu gani.

Saz ina nyuzi saba lakini zimepangwa makundi matatu (jina langu limetoka hapo). Mara nyingi kundi moja linabeba wimbo na mengine yanavuma tu bila kubadilika. Kwa hiyo haipigi kodi kama gitaa la bendi, inafuata sauti ya mwimbaji hatua kwa hatua halafu akinyamaza inachukua ile tungo inaimalizia. Hiyo kwenye taarab mnaita kitikio cha vyombo au sijui Bi Mkora mnasemaje, ndiyo KUJIBU anakosema mama. Erdinç Ecevit wa Altın Gün anaipiga saz ya umeme, ameipitisha kwenye vikorombwezo vya gitaa la roki, ila mkono ni wa kijijini kabisa. Sauti imelewa, mkono haujalewa.

Halafu ile shingo ya saz. Vile vituo unavyobonyeza si chuma kilichopigiliwa kama kwenye gitaa, ni uzi wa nailoni umefungwa fundo, unaweza kuusogeza. Kwa kawaida viko 17 kwenye oktavu moja, gitaa lina 12. Hivyo vya ziada ndivyo sauti za katikati ambazo kinanda cha kanisani hakina. Nilipojaribu kuzitafuta kwa gitaa langu nilivuta nyuzi mpaka ikakatika ikanichapa usoni mbele ya wageni.

#11 Bi_Mkora
Pole kwa uso. Twaita majibizano, na vile vipande vya vyombo peke yake ni lazima baina ya beti. Na umesema kweli kuhusu sauti za katikati. Ila nawe nyuzi_tatu unanisaidia mie, siyo fundi redio.

#12 nyuzi_tatu
Nusu nakusaidia. Maana watu wa vijijini Uturuki wenyewe kwenye nyimbo zao walizoea neno ayak, hilo la makam ni zaidi la watu wa mjini na wa kasri. Wachungaji wa milimani hawakwenda Cairo. Kwa hiyo kufanana kupo ila njia yake haikupita kwa Barghash.

#13 Mtaa_wa_Nne
Wasee wa pwani mmeteka uzi. Mimi niko Nairobi, kwetu hakuna taarab, mamangu ni wa kwaya ya ACK, na Altın Gün nasikiza kila siku nikienda job. Sasa mimi nimefundwa na makamu gani?

Hii kitu ni besi. Jasper Verhulst ndiye mwenye bendi, ni Mholanzi, Kituruki hajui, yeye alienda Istanbul kupiga besi kwa Jacco Gardner, mwanamuziki mwenzake Mholanzi, akanunua marekodi ya zamani akarudi nayo kwao, akaweka tangazo Facebook anatafuta Waturuki wa kuimba. Wimbo umejengwa kutoka chini kwenda juu. Ukitoa besi hiyo mamako angeendelea kuosha vyombo.

Na kama mnataka undugu wa Afrika mtafute sehemu ingine. Bendi ya WITCH ya Zambia, Zamrock, ile roki yao ya miaka ya 70. Ilipofufuliwa na mwimbaji wao mzee Jagari, aliyeshika besi ni huyo huyo Jacco Gardner na kwa dramu ni Nic Mauskoviç, ambaye alipiga kwa albamu ya kwanza ya Altın Gün 2018. Vijana wale wale wa Uholanzi. Hawa watu wanajua kusikiza muziki wa 70s wa mahali kwingine bila kuuvunja, hiyo ndiyo siri, si Sultani wa Zanzibar.

#14 Jirani Mbea
Aliyemtaja Sultani kwa kejeli asubiri, Bi Mkora anatia nyuzi.

#15 Bi_Mkora
Sitii nyuzi, nimetia chai. Lakini kijana wa Nairobi kagusa pale panaponiuma. "Wanajua kusikiza muziki wa mahali kwingine." Naam wanajua. Na sisi wa mahali kwingine nani anatusikia? Mwaka 2020 ilitoka Siti of Unguja, Siti Muharam kitukuu cha Siti binti Saad, anaimba nyimbo za nyanya yake, mwanamuziki wetu Matona ndani, mixi ya London ina besi na mwangwi mnaoupenda huo huo. Nani katika nyinyi kafungua uzi? Mama wa Kiberenge angewekewa ile angeangusha sinia. Ila kwa sababu YouTube haikumletea alipolala, haipo.

Siti mwenyewe alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Sisi tulianza mapema, tumechelewa kujisikiliza tu.

#16 Kiberenge77
Bi Mkora nimepokea. Naenda kuitafuta leo hii wallahi.

#17 Rotadamu
Nimechelewa, nilikuwa zamu ya usiku. Niko Rotterdam mwaka wa 11 sasa, mtaa wangu nusu nzima ni Waturuki, kinyozi wangu Mturuki, mkate nanunua kwa Mturuki. Wacha niongeze vitu ambavyo humu sijaviona.

Kwanza hiki siyo kisa cha Mholanzi aliyeokota santuri Istanbul basi. Waturuki walianza kuletwa huku kufanya kazi viwandani kwa mkataba wa 1964. Wakaja na kaseti na saz zao. Erdinç ni mtoto wa hizo familia, kazaliwa huku. Merve Daşdemir, mwimbaji wa humo kwenye Aşk, yeye kakulia Uturuki. Kwa hiyo zile nyimbo zilishakuwa zinapigwa kwenye sherehe za harusi za huku miaka yote, Mholanzi alikuwa anapita nje ya ukumbi tu.

Pili, huo mtindo wenyewe siyo wao waliouanzisha. Uturuki miaka ya 60 gazeti la Hürriyet lilikuwa na shindano linaitwa Altın Mikrofon, kuanzia 1965, masharti yake uchukue muziki wa kwenu uupige kwa vyombo vya magharibi. Hapo ndipo lilipotokea wimbi lote la kina Cem Karaca, Erkin Koray, Moğollar, Barış Manço. Halafu jeshi likapindua nchi Septemba 1980. Mwimbaji Selda Bağcan akafungwa, akanyang'anywa pasi. Cem Karaca alikuwa Ujerumani akavuliwa uraia, akarudi 1987. Sasa mzee wangu kinyozi ana miaka 60 na kitu, nikamwekea Aşk, nikategemea atafurahi. Akanyamaza mpaka alipomaliza kidevu. Akasema "nzuri, lakini hawa hawaogopi kitu." Nikamuuliza maana yake nini. Akasema zamani ukiusikiliza muziki huu ulikuwa unapunguza sauti ya redio.

Naiwaza mpaka leo. Labda sisi tunaupenda kwa sababu tumepewa utamu bila ule woga.

#18 fundi redio
Dah.

#19 Mwana wa Gongo la Mboto
Rotadamu asante sana. Swali dogo, hilo jina maana yake nini? Nimeona altın ni dhahabu.

#20 Rotadamu
Altın gün ni siku ya dhahabu. Na hapa mtacheka. Wanawake wa Kituruki wana mchezo wao wanaita altın günü, wanakutana nyumbani kwa mmoja, chai na vitafunio, kila mmoja anamletea mwenye nyumba kipande cha dhahabu, mwezi ujao zamu ya mwingine.

#21 Mwana wa Gongo la Mboto
KIBATI!!! Yani bendi inaitwa Kibati?

#22 Mvita Kwetu
Kwetu ni chama.

#23 Jirani Mbea
Upatu jamani. Na lazima kuna mmoja alishapokea dhahabu yake mwezi wa kwanza akahama mtaa.

#24 Kiberenge77
Nimemwambia mama kwamba wanaitwa Kibati. Kasema "basi ndio maana nikawaelewa." Sasa naye ana nadharia yake.

#25 Sultani Mkaa
Mnajichosha. Mama yako anaangalia tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili, ndiyo au hapana? Kila nyumba Dar saa tatu usiku ni Waturuki wanalia. Muziki wa nyuma yake ni saz na filimbi yao ya nei mwanzo mwisho. Ana miaka sita saba anasikia hizo sauti wakati mtu anasalitiwa au anatiwa sumu. Ndio maana anajua sauti inaelekea wapi. Hakuna Cairo hapo wala tepu, ni king'amuzi.

#26 Kiberenge77
Daah. Ndiyo. Hakosi hata siku moja.

#27 Bi_Mkora
Astaghfirullah, king'amuzi.

#28 Mtaa_wa_Nne
Sultani Mkaa amemaliza mjadala 😂😂 lakini bado mimi sina TV na bado naskia.

#29 Mwalimu wa Zamu
Wanajukwaa, mimi si mtu wa muziki, nafundisha Kiswahili sekondari, nimevutwa na jina la albamu. Aşk ni mapenzi, ni lile lile la Kiarabu lililotupa sisi ashiki. Mashairi ya ashiki, mtu kuwa na ashiki. Na wale waimbaji wa kale wa saz wanaitwa âşık, yaani mwenye ashiki, aliyepigwa na mapenzi mpaka akawa mshairi. Kwa hiyo Kiberenge usiseme hatujui hata neno moja. Sikiliza tena utakuta dünya, zaman, sabah, haber, ruh. Sikio la Mswahili linayadaka hata kama akili haijui imedaka nini.

Na tusisahau Mturuki ndiye aliyetupa afande, kutoka efendi yao, neno limekuja na majeshi kupitia Misri na Sudani.

#30 Mwana wa Gongo la Mboto
Kwa hiyo nikisimamishwa barabarani naongea Kituruki kumbe. Na pia natoa bakshishi.

#31 Mwalimu wa Zamu
Hiyo asili yake ni Kiajemi, ila wamelitumia sana nao.

#32 nyuzi_tatu
Mwalimu hilo la âşık limenikumbusha. Kwenye Aşk kuna wimbo wa Aşık Veysel. Huyu mzee alizaliwa 1894 mkoa wa Sivas, akaugua ndui akiwa mtoto akaishia kupofuka, akapewa saz ajiliwaze, akaja kuwa mshairi wa taifa zima mpaka alipofariki 1973. Humo anamwambia mpenzi wake kwamba uzuri alionao usingekuwa na thamani ya senti kama si mapenzi aliyonayo yeye moyoni. Sasa fikiria anayesema hivyo ni mtu asiyeona. Mimi niliusikiliza kama miezi kwenye rekodi za zamani bila kujua, nikidhani ni wimbo wa kumbembeleza mtu. Nilipopata tafsiri nikashindwa kuusikiliza siku mbili.

#33 fundi redio
Kumbe humo nyimbo zote ni za asili zisizo na mwenyewe au?

#34 Rotadamu
Hapana, wengi wanaandika hivyo lakini si sahihi. Huo wa Veysel una mwenyewe, na kuna mwingine humo maneno ni shairi la Sabahattin Ali, mwandishi aliyeuawa 1948, na sauti kaitunga Zülfü Livaneli miaka mingi baadaye. Zikishaimbwa na kila mtu harusini watu wanaziita za asili. Hata kwetu ni hivyo hivyo, nyimbo ngapi za wazee wetu tunaziita "za kitambo" tu na mtunzi yuko hai anadai chake.

Na kingine Mtaa_wa_Nne asije akaniambia ni bendi ya chini ya ardhi. Lebo yao Glitterbeat ni huru kweli, ya Ujerumani, ndogo, lakini albamu ya Gece ya 2019 iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy, ikashindwa na Angélique Kidjo. Siyo watoto wa gereji tena.

#35 Mtaa_wa_Nne
Sikusema gereji. Nilisema besi. Kushindwa na Mama Angélique si aibu.

#36 Kiberenge77
Mrejesho wa utafiti. Leo baada ya tarawehe nimemwekea mama vitu vinne bila kumwambia ni nini.

Yol: alisikiliza dakika moja akasema "hii ya ukumbi wa harusi mjini." Fundi redio chukua pointi.
Gece: akasema ni nzuri ila "wana haraka, wanakwenda wapi?"
Siti of Unguja: hakuangusha sinia. Alikaa chini. Akaniuliza mbona hatukuwahi kuambiwa. Bi Mkora chukua pointi zote.
Halafu Black Star, nikitegemea ndio mwisho wa ubishi. Akasikiliza huku anatabasamu, akaniambia "hii naijua, weka ile nisiyoijua."

Hapo nikachanganyikiwa kabisa. Nyote mlikuwa mnaniambia anaipenda kwa sababu anaijua, kwa makamu, kwa redio, kwa tamthilia, kwa maneno. Yeye anasema anaitaka kwa sababu haijui.

#37 Mwalimu wa Zamu
Au anajua kwamba haijui. Si kitu kimoja.

#38 Bi_Mkora
Mwalimu, mwezi huu twafunga, usitufunge na mafumbo.

Kiberenge, nisalimie mama. Huo anaourudia ni upi hasa? Wa ngapi?

#39 Kiberenge77
Wa sita. Ule unaokwenda kwa kuyumba yumba.

#40 Rotadamu
Mkuu. Huo wa sita unahusu raki.

#41 Kiberenge77
Raki ni nini?

#42 Rotadamu
Pombe yao ya anisi. Ukiitia maji inageuka nyeupe kama maziwa. Anaimba kwamba hawezi kuitia maji.

#43 Jirani Mbea
😂😂😂😂 MWEZI MTUKUFU. Mama wa watu kaguna wimbo wa pombe mara nne baada ya futari!!

#44 Sultani Mkaa
Mama yake alishasema, "kama mlevi njiani". Huyu ndiye mlevi mwenyewe, ila ana adabu.

#45 Kiberenge77
Hakuna anayemwambia. Tumeelewana? Mwalimu wewe hasa.

#46 Mwalimu wa Zamu
Mimi sijui Kituruki.

#47 fundi redio
Basi hiyo imevunja nadharia ya tafsiri ya nyuzi_tatu. Asiyejua maana ana raha yake.

#48 nyuzi_tatu
Haijavunja. Mimi baada ya zile siku mbili nilirudi na sasa naupenda zaidi. Kila mtu na wimbo wake.

Kwa hiyo tukiacha hayo, humu hakuna mtu anayekwenda Istanbul kufunga mzigo? Nataka saz, ya kuanzia tu, siyo ya umeme. Video zimenichosha.

#49 Mama Jeans wa Kariakoo
Mimi nipo, nasoma uzi huu tangu juzi kimya kimya. Naondoka baada ya Idi, nalala Laleli siku nne. Hicho kitu kina urefu gani? Kinaingia kwenye balo la jinzi?

#50 nyuzi_tatu
Kina zaidi ya mita moja dada, na shingo ni nyembamba sana. Balo linaipasua.

#51 Mama Jeans wa Kariakoo
Basi nitaibeba mkononi ndani ya ndege kama mtoto. Ila nauli yake utalipa, na dukani nitakupigia video uisikie wewe mwenyewe, mimi nisije nikauziwa mwiko.

#52 Bi_Mkora
Dada, ukifika dukani niulizie na nyuzi za kanuni. Nahitaji seti nzima, ni zaidi ya 70 hizo.

#53 Kiberenge77
Na santuri ya Aşk moja. Mama kaniambia atalipa mwenyewe kwa pesa yake ya kibati.